"Tunamalizia": namna ya kubaki mtu wa kazi siku lokesheni inapokutesa

Ukianza kuigiza Dar es Salaam, neno la kwanza la kulijua ni "tunamalizia". Mtaani maana yake kazi inakwisha. Lokesheni, yaani pale tunaposhuti filamu, maana yake bado saa tatu, jenereta inadai mafuta, na mwenzako wa sini inayofuata yuko Mbagala anasema amefika Tazara.

Mimi ni mwigizaji wa nafasi za pembeni. Nimekuwa mama mkwe mara nisizozikumbuka, jirani mmbeya, mganga mara mbili na maiti mara moja. Sina bango barabarani. Nina simu inayoendelea kuita, na haiiti kwa sababu nalia vizuri kuliko wengine. Inaita kwa sababu saa tano usiku, baada ya siku nzima ya jasho, mistari yangu bado iko kichwani na sijamnunia mtu. Ninayoandika hapa ni namna ya kufika hiyo saa tano ukiwa mzima.

Hatua ya kwanza: maswali kabla ya kusema ndiyo

Shida nyingi za lokesheni zilijulikana wiki moja kabla, ila hakuna aliyeuliza. Ukipigiwa simu, usiishie kwenye hela. Uliza: tunashuti ndani au nje? Mchana au usiku? Kuna sini ya maji, ya mvua, ya pikipiki, ya kupigwa, ya kitandani? Nitavaa nini, na ni nguo zangu au za kwenu? Choo kipo? Tukimaliza saa sita usiku, nani ananirudisha nyumbani?

Hilo la mwisho waandikishe kabisa kwenye mkataba, pamoja na idadi ya siku na malipo ya siku ikizidi. Bila hivyo utajikuta getini saa saba usiku na viatu mkononi, unabembelezana na bodaboda anayetaka elfu kumi na tano, na hela yote ya siku imeanza kupungua.

Sini usiyoiweza, iseme sasa. Kama hujui kuogelea, sema hujui kuogelea. Nimeshamwona kijana aliyejibu "naweza" kwenye simu akiwa kiunoni baharini Kigamboni, macho yamemtoka, na watu wazima wanne wamemshikilia. Hiyo sini ilifutwa, na naye hakuitwa tena.

Hatua ya pili: begi

Kanga mbili, za kubadilishia nguo, kukalia, kujifunika na kuloweka maji. Chupa mbili za maji, moja imegandishwa usiku. Singlendi ya pamba ya kuvaa ndani ya suti au gauni zito. Mafuta ya mgando ya kupaka mapajani, maana nguo za kuazima zinachuna. Ndala. Dawa ya mbu. Tishu, sindano na uzi, pini. Karanga au ndizi. Dawa zako unazotumia kila siku, na si za leo tu, za kesho pia. Skripti ya karatasi, kwa sababu simu itaisha chaji na soketi zote zimechukuliwa na taa.

Hatua ya tatu: joto

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Tuseme ni Februari, nyumba ya kupanga Mbezi. Nje ni nyuzi 32 na unyevu wa bahari. Sini ni ya usiku lakini tunashuti mchana, kwa hiyo madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi. Taa nne zinawaka. Mtu wa sauti kazima feni, kazima kiyoyozi, na friji nayo kaizima kwa sababu inanguruma. Dirisha halifunguliwi kwa sababu ya jogoo wa jirani. Ndani mpo watu kumi na tano, na wewe ni mama wa bwana harusi: wigi, gauni la satini, kilemba.

Kwanza, kunywa maji kabla hujasikia kiu, kidogo kidogo, tangu asubuhi. Ukingoja koo likauke umeshachelewa. Kama umetoka jasho saa nyingi, maji matupu hayatoshi, unahitaji na chumvi. Pakiti moja ya ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya duka la dawa, kwa lita moja ya maji safi inatosha. Ukiikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Usiongeze chumvi kwa kudhani ndiyo dawa. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla.

Pili, jipooze pale ambapo mekapu haipo. Chupa uliyoigandisha ifunge kwenye kanga, iweke shingoni kwa nyuma, kwenye viwiko kwa ndani, kwenye mikono. Dairekta akisema "kat", usibaki chini ya taa ukipiga soga. Toka kwenye seti, hata kama ni kusimama koridoni dakika mbili. Vua viatu. Vua koti. Mtu wa mavazi akikuambia usivue kwa sababu litakunjamana, mwambie kwa upole kwamba utavua na utamsaidia kulivaa.

Tatu, jasho usilifute. Bandika tishu, ikae, itoe. Ukifuta unaondoka na poda na nusu ya nyusi, mtu wa mekapu anaanza upya, na dakika ishirini zimeongezwa kwenye siku ya kila mtu. Pia kuna suala la mwendelezo: kama kwenye shoti pana, ile inayoonyesha watu wote, ulikuwa na jasho juu ya mdomo na kwenye ya karibu huna, mhariri atakukumbuka vibaya.

Joto lina mpaka, na mpaka huo haujadiliwi. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, miguu inakaza: kaa kivulini, kunywa, pumzika, sema. Lakini mwenzako akianza kuongea vitu visivyoeleweka, akapepesuka, ngozi ikawa ya moto kama pasi, hiyo ni kiharusi cha joto. Mtoeni nje, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari liwashwe kwenda hospitali wakati huohuo. Hakuna "tumalizie hii moja".

Baridi haina maneno mengi. Lushoto mwezi Julai, vaa tabaka chini ya nguo za sini na usione haya kubeba soksi nzito. Mvuke ukikutoka mdomoni na sini eti ni ya Dar mchana, nyonya kipande cha barafu kabla ya teki, yaani kila mara sini inaporekodiwa. Inasikitisha lakini inafanya kazi.

Hatua ya nne: tumbo na choo

Dada zangu, hili ni letu. Lokesheni isiyo na choo cha maana, wengi wetu tunaacha kunywa maji ili tusijisumbue. Tunapata joto, tunapata maambukizi ya njia ya mkojo, halafu tunasema ni uchovu. Ndiyo maana choo kiliingia kwenye maswali ya kwenye simu. Ukifika ukakuta mwenye nyumba hataki wasanii waingie chooni kwake, mwambie mtu wa uzalishaji hapohapo asubuhi, kabla taa hazijawekwa. Jirani mwenye moyo mzuri hupatikana kwa salamu na shilingi elfu chache. Saa nane mchana hapatikani.

Chakula cha lokesheni ni wali, na wali ule ukiumaliza wote utaigiza sini ya mchana ukiwa umelala wima. Kula nusu, nyingine ifungie. Soda yenye gesi kabla ya sini ya maneno mengi utaijutia pamoja na mtu wa sauti. Maji kunywa yaliyofungwa au yaliyochemshwa, na usione aibu kuuliza yametoka wapi.

Mwaka 1951 kikosi cha Hollywood kilikuja kushuti Congo na Uganda, dairekta akiwa John Huston. Katharine Hepburn aliugua tumbo vibaya na akaendelea kuigiza. Mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart na Huston hawakuugua, na Bogart alipenda kusema ni kwa sababu alikula vya kopo na kunywa whisky. Watu huisimulia hadithi hii kumsifu mama yule kwa uvumilivu. Mimi nikiisikia nawaza tu kwamba palihitajika mtu wa kuchemsha maji.

Hatua ya tano: kusubiri

Nina daftari. Naandika muda niliofika, sini nilizofanya, muda nilioondoka. Siku ya saa 12, nikijumlisha teki zote, kamera huwa imenitazama kama dakika arobaini. Saa kumi na moja na kitu nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Kwa hiyo hii ndiyo kazi yenyewe: kukaa bila kuzimaliza zile dakika arobaini kabla hazijafika.

Watu wanazimaliza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kelele, utani tangu asubuhi, video za simu, kuimba. Ikifika jioni mtu hana sauti. Ya pili ni kununa. Anakaa pembeni anahesabu waliomchelewesha, na akiitwa uso umeshaganda. Kununa kunachosha kuliko kubeba tofali, halafu kunaambukiza.

Mimi nafanya hivi. Nikifika nasalimia kila mtu, kuanzia mlinzi na mama wa chakula. Dairekta wangu wa mwisho alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Asubuhi "Shikamoo Mama", "Marahaba mwanangu", na tangu hapo hadi usiku ni "Sawa dairekta". Kisha natafuta kivuli. Nasoma sini zangu mara moja, nafunga skripti. Nasinzia nikiweza, nimeketi, kilemba kimelazwa kwenye kanga. Nikiambiwa bado sini moja niingie, nanyoosha mwili, napasha sauti kwa kuvuma mdomo umefungwa. Waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, wanalijua zoezi hilo. Koo likishakauka usinong'one ukidhani unalipumzisha, kunyamaza kabisa ndiko kunakolipumzisha.

Machozi nayo yana bajeti. Sini ya msiba inaweza kurudiwa mara tisa. Muulize dairekta: "Tunaanza na shoti pana au ya karibu?" Kwenye pana toa mwili, pumzi na kwikwi, ukizika uso kwenye kanga. Machozi yenyewe yaweke kwa ile ya karibu. Na ukisaidiwa na mafuta ya kuchua, yapakwe chini ya jicho, mbali na kope, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Kitunguu achana nacho. Macho yatabaki mekundu hadi sini ya harusi.

Hatua ya sita: kulalamika kama mtu wa kazi

Kulalamika kunaruhusiwa, ila kuna namna yake. Usimwambie dairekta mbele ya watu, wala usiwaambie waigizaji wenzako ili wakusaidie kukasirika. Mtafute msaidizi wa dairekta, ndiye mwenye saa na ratiba. Mwite pembeni, sema tatizo kwa sentensi moja na suluhisho kwa nyingine, ukitaja na muda: "Kaka, hili wigi limeanza kunipa kizunguzungu. Nikipata dakika tano nje bila kulivaa, narudi tunafanya hata teki kumi." Mara nyingi anakubali, kwa sababu umempa kitu cha kupanga. Ukimwambia "Nyie watu hamna utu", umempa ugomvi, na ratiba haina nafasi ya ugomvi.

Ile kazi ya maiti niliyotaja ndiyo iliyonifunza hili. Nimelazwa mkekani, pamba puani, shuka hadi kidevuni, Kigamboni, saa saba mchana. Waombolezaji wanalia vizuri mno hivi kwamba dairekta hataki kusema "kat". Sisimizi akapanda shingoni, akaingia sikioni. Nilivumilia teki ya kwanza. Ya pili marehemu akakunja uso, na kilio kizuri chote kikatupwa. Ningesema baada ya ya kwanza wangehamisha mkeka, ni dakika mbili. Tukakubaliana pia kwamba shoti yoyote yenye uso wangu isizidi sekunde ishirini, maana ndiyo pumzi ninayoweza kuizuia bila kifua kunisaliti. Tangu siku hiyo naisema kero kabla haijafika usoni.

Hatua ya saba: kero na hatari si kitu kimoja

Joto, njaa ya saa moja, mbu, dairekta mwenye kiherehere, hizi ni kero. Zina namna. Yafuatayo ni hatari, na hapa mtu wa kazi ndiye anayesimamisha kazi.

Nyaya za jenereta kwenye maji. Mvua za masika zinapoanza Machi, kila mtu anataka sini ya mvua. Ukiona viunganishio vya umeme vimelala kwenye tope, usiingie hadi vinyanyuliwe na kufunikwa.

Silaha. Panga liwe butu au la mbao, na ulishike mwenyewe ulihakikishe. Bunduki ya kweli haina sababu ya kuwa kwenye seti yako. Oktoba 2021 huko New Mexico, Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa katika maandalizi ya sini kwa bastola ambayo mwigizaji aliambiwa ni salama. Lile seti lilikuwa na wataalamu na bajeti tusiyoiota.

Kofi. Utaambiwa "mpige kweli, itapendeza". Haipendezi, inavimba, na teki ya tatu shavu lina umbo jingine. Kaeni umbali wa mkono, kamera iwe nyuma ya bega la mmoja wenu, kiganja kipite mbele ya uso bila kugusa, anayepigwa ageuze kichwa, na mlio autoe yeye kwa kupiga kiganja chake tumboni ambako kamera haioni. Fanyeni polepole mara tano kabla ya kufanya kwa kasi. Kama mwenzako amekunywa, hakuna kofi leo.

Bahari. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ufuo mliosimama asubuhi unaweza kuwa umemezwa mchana. Ukiona ratiba imeandikwa na mtu wa bara, muulize kama ameongea na wavuvi.

Pikipiki ya sini inahitaji kofia ngumu hadi dakika ya teki, na mwendo wa kutembea. Kasi itatengenezwa na mhariri.

Hatua ya nane: sini za mwili

Hizi zisemwe kabla ya siku, zikaandikwe: nini kitaguswa, nguo ipi inabaki, nani atakuwa chumbani, na picha zisizotumika zitafanywa nini. Siku yenyewe wabaki wanaohitajika tu. Mkubaliane na mwenzako neno moja la kusimamisha, na akilisema yeyote mnasimama bila kuulizana sababu. "Tujaribu tu kitu kipya" katikati ya teki ya kitandani ni hapana. Kama kipya ni kizuri, kitakuwa kizuri pia baada ya kukijadili mkiwa mmevaa.

Na kuna lile la kuambiwa nafasi ipo lakini "tuonane kwanza hotelini". Hilo si ugumu wa kazi wa kuvumilia kwa heshima. Nchini Tanzania, unyanyasaji wa kijinsia ni kosa chini ya kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, na kumtaka mtu ngono kama sharti la kumpa ajira au upendeleo ni rushwa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa simu namba 113. Tunza ujumbe wote wa simu, usifute kwa hasira. Mimi nilipokuwa kijana nilifuta, na nikabaki na maneno matupu.

Hatua ya tisa: watu wa mtaani

Ukishuti Kariakoo au Manzese utaitwa kwa jina la uhusika, na kama unacheza mchawi utaitwa mchawi. Usijibu kwa ukali. Mapema, kabla kamera haijawashwa, pita usalimie wazee wa barazani na uwaombe radhi kwa usumbufu. Watoto waahidi picha baada ya kazi, kisha uitimize ahadi, maana kesho mnarudi mtaa uleule. Mzee mmoja akishasema "Hebu nyamazeni, mama anafanya kazi", umepata mlinzi ambaye prodyuza asingeweza kumlipa.

Hatua ya kumi: kuondoka

Toa mekapu hapohapo kwa mafuta, usilale nayo ndani ya gari. Rudisha nguo ulizoazima mkononi kwa mwenyewe. Kama malipo ni ya leo, kumbusha kabla taa hazijafunguliwa, kwa sababu baadaye kila mtu anabeba kitu na hakuna anayesikia. Andika daftari lako.

Kisha muulize msaidizi wa dairekta kesho ni saa ngapi, na usikubali namba tupu. Akisema "saa kumi na mbili", muulize ni ya alfajiri au ya jioni. Akikutumia "12:00" kwenye simu, mpigie. Niliwahi kufika Bunju jua linachomoza, nimevaa kabisa gauni la mama mkwe, na nikamkuta mlinzi tu. Alinipa kiti, akanipa chai, na akaniambia wenzangu wanakuja saa sita mchana.